Maneno Uliyoyafuta kwa Randa

Kwako Baba, huko uliko,

Jana tulipiga kura tena. Ile programu yetu ya rejista za shule, uliyokuwa ukiiita "kazi yenu ya kugonga-gonga", tulikaa kuamua kama irudishiwe kaulimbiu yake ya zamani. Ya zamani ni maneno yako, ndiyo maana nakuandikia.

Tuliianzia Dandora, chumba cha nyuma ya kanisa, kompyuta mbili kuukuu na disketi za kuazimana. Hatukuiuza. Mwalimu yeyote aliichukua, akaifungua ndani, akairekebisha apendavyo, akampa mwingine. Nilipokueleza ulikuwa mlangoni kwetu Lucky Summer unachonga twiga, ukacheka. "Kwani hilo ni jambo geni?" Zana zako zilikuwa zimezagaa mtaa mzima. Jirani akija kuomba patasi, ulimpa pamoja na neno lako lile lile: "Chukua. Ukimaliza, mpe mwenzako." Mama alinung'unika kwamba utaishia kuchonga kwa kucha.

Nikayapeleka maneno hayo kwenye kikundi, wakayapenda. Yakawa ya kwanza kuonekana programu ikifunguka, nawe ukatuchongea ubao wa kutundika ukutani. Uliuleta mwenyewe begani, umevaa koti la Jumapili.

Halafu Wafula, mwenzetu kikundini, akaanza. "Maze, hayo maneno ni ushamba. Mwalimu mkuu akisoma 'chukua' anadhani tunamletea mtumba." Akinyi akamjibu kwamba maneno yale ndiyo ruhusa yenyewe, ukiyaondoa, mtu atajuaje kwamba anaweza kuifungua na kuigawa? Wakabishana hadi chai ikapoa. Kura zikafungana, ikabaki yangu.

Niliinua mkono upande wa Wafula. Nilikuambia hoja zake zilikuwa na uzito. Nilikudanganya, Baba. Siku ile tulikuwa na mgeni aliyevaa tai, akauliza nani alitunga maneno yale, akaambiwa, "Babake Mwende, fundi wa vinyago." Akatabasamu, basi. Nilikuonea aibu. Hiyo ndiyo kura niliyopiga.

Na bado nikawa na uso wa kukuletea ubao uubadilishe. Uliuliza kitu kimoja tu. "Yana makosa?"

"Hapana, Baba. Yamepitwa na wakati."

Ukachukua randa. Herufi ulikuwa umezizamisha sana, ikabidi upige tena na tena mpaka zikaisha, na ubao ukawa mwembamba. Ukachonga yale mapya, "Rejista Bora, Shule Bora", kwa unadhifu ule ule wa mwanzo. Hukuninung'unikia hata siku moja. Afadhali ungenigombeza.

Sasa tumeshakuzika Machakos, na jana ni Wafula huyo huyo aliyeomba maneno yako yarudi. Anasema walimu wameacha kugawiana. Wanakuja kutuomba ruhusa, au wanaiweka kabatini wakidhani ni mali ya watu. Akasema, "Nilikosea, Mwende. Mzee alikuwa ameona." Mikono yote ikainuka. Wangu ulichelewa kwa sababu nilikuwa nalia.

Leo asubuhi nikauteremsha ubao, nikaketi nao mlangoni pale ulipokuwa ukikaa. Haufai tena. Ukipigwa randa mara nyingine utatoboka. Maji yakimwagika hayazoleki, ulizoea kusema, na mimi nilidhani unasema maji.

Nikiwa pale akaja mwanamume nisiyemjua, kutoka mtaa wa Baba Dogo, ameshika kitu kilichofungwa kwa gazeti. Akanipa pole. Ilikuwa randa yako, Baba, ile ile. Alipewa na mtu, naye alikuwa amepewa na mwingine uliyempa wewe.

"Niliambiwa nikimaliza nimpe mwenzangu," akasema. "Lakini kwetu hakuna anayeihitaji. Nimpe nani?"

Nikanyoosha mkono. Mara hii haukuchelewa.

Mpini wake umelainika pale kidole gumba chako kilipokuwa kikikaa. Changu hakipajazi. Kesho natafuta ubao mwingine, nichonge mwenyewe maneno yako, na najua herufi zitakwenda upande. Ungekuwepo ungezicheka, na ningefurahi unicheke.

Nisamehe, Baba. Nikimaliza, randa nitampa mwenzangu.

Ni mimi binti yako, niliyekuonea aibu,
Mwende