Chumba Tulicholala, Shangazi

Shangazi yangu Mwanaidi,

Nyumba Kubwa wameifungua. Wameipaka chokaa mpaka inaumiza macho, wameweka geti la chuma, na sasa watu wanaingia kwa tiketi kuangalia mambo ya kale. Nimeingia na mimi, kwa mlango wa mbele, ule mlango uliokuwa ukiufagilia kila asubuhi na hukuupita hata mara moja.

Ninakuandikia kwa sababu yaliyonikuta mle sina mwingine wa kumwambia akanielewa. Baba angeelewa, lakini baba ulimjua. Alipokwenda Tunduru kutafuta vito aliapa hataki kuisikia tena ile nyumba, na akafa hajaitaja. Ndiye aliyeniacha kwako mama alipofariki, nikiwa sijaanza shule, nikiwa na gauni moja na kikohozi. Ulinipokea kwenye kizingiti cha kile chumba cha nyuma, ukaniambia, "Hapa pana giza, lakini pana joto." Na kweli palikuwa na joto. Baridi ya Songea ya mwezi wa saba haikupita kwenye zile kuta. Dirisha halikuwepo, ila tundu moja juu karibu na paa, ambalo mwanga wake ulitembea ukutani taratibu hadi unafika kwenye chungu chako cha maji, na hapo ulijua ni wakati wa kuinjika ugali wa wenye nyumba.

Unaikumbuka ile pete ya chuma? Nene kama kidole gumba, imepigiliwa ukutani usawa wa magoti. Uliifunika kwa kanga kuukuu na kila Ijumaa uliifua ile kanga ukairudisha palepale. Siku moja niliifunua, nikaishika ile pete, nikaichezea. Ulinichapa mkono. Hukuwahi kunichapa kabla ya siku hiyo, na hukunichapa tena.

"Hicho si cha kuchezea."

"Ni cha nini?"

"Cha kufungia mbuzi."

Nilikuamini. Nilikuwa mtoto, na mbuzi walikuwepo.

Wenye nyumba walituita watu wa nyumbani. Nililipenda lile neno, nikidhani ni la heshima. Kukiwa na arusi au hitma, watu wa nyumbani walikula nyuma, jikoni, baada ya wote. Zainabu, binti wa mwenye nyumba, rika langu, tuliyecheza naye rede uani mpaka magoti yetu yakawa na rangi moja ya vumbi, ndiye aliyenifungua macho bila kukusudia. Tulikuwa tunagombania zamu ya kurusha. Akasema, "Usinibishie. Bibi anasema nyie mlinunuliwa kwa vitambaa." Nilikimbilia kwako. Ulikuwa unasaga ulezi. Nilikueleza huku nalia, na wewe hukuacha kusaga.

"Aliyenunua ndiye aone haya," ulisema. Kisha ukanituma maji.

Basi. Miaka yote ile, ni hayo tu. Mpaka ulipougua, nikaja kukuuguza, ndipo ukanipa yaliyobaki, kidogo kidogo, kama mtu anayetoa mwiba. Kwamba bibi yako aliletwa akiwa mtoto, kutoka upande wa ziwa. Kwamba jina la mama yake lilimpotea njiani, akabaki akikumbuka maji mengi na milima ng'ambo yake inayofanana na moshi. Kwamba walikuwa wanapelekwa Kilwa, mguu wake ukavimba, msafara ukamwacha katika ile nyumba ili mwingine uje umchukue. Msafara mwingine ulipokuja wakamtazama anavyotembea, wakasema bado. Akabaki kwa sababu ya kuchechemea. Akazaa humo, akafa humo, akazikwa nyuma ya jiko, na wewe ukataka uzikwe karibu naye.

"Usinipeleke mbali," ulisema. "Yule bibi hajui mtu mwingine."

Nikatii. Ukoo wa wenye nyumba una makaburi yao mbele, yamejengewa. Lako likawa kule nyuma, penye mparachichi, pamoja na mengine yaliyowekewa mawe tu, mawe ya mtoni, moja kichwani na moja miguuni. Kila mwaka nilikuja kulisafisha. Kisha wakazungushia mabati, wakasema kuna ukarabati, mlinzi akawa haruhusu mtu. Mara mbili nilisafiri kutoka Tunduru ninakoishi nikarudi bila kukuona. Nilijiambia wakimaliza nitakuja.

Wamemaliza, nikaja. Niliacha cherehani na sare za watoto wa watu, nikapanda basi.

Tuliingia pamoja na wanachuo waliokuja na basi lao. Aliyetuongoza anaitwa Bahati, dada mmoja mpole, anayeongea vizuri, si mtu wa Songea. Alituonyesha sebule, vitanda vya kamba, meno ya tembo ya kuchonga kwa mti. Akatuonyesha jiwe la kusagia, limewekwa juu ya meza kwa kitambaa chekundu. Nililijua kabla hajafungua mdomo. Lina lile pengo ubavuni ulimokuwa ukiweka kidole gumba. Alisema ni jiwe la bibi wa ukoo. Nilijiambia, jiwe ni jiwe.

Kisha tukaenda nyuma, tukainama, tukaingia chumbani kwetu.

Shangazi, wameweka taa nyekundu. Kwenye ile pete wamefunga mnyororo mpya, wa dukani, wakaupaka kitu ili uonekane na kutu. Mlangoni pana kibao kimeandikwa Chumba cha Mateka. Bahati alisubiri watu wote wapate nafasi ya kusimama, akateremsha sauti.

"Humu ndimo walimofungiwa mateka kusubiri safari ya Kilwa. Wengine walifia humuhumu. Utumwa ulipokomeshwa, chumba hiki kilifungwa, na hakikukaliwa tena na binadamu."

"Nimekaa mimi," nilisema.

Sikupanga kusema. Wanachuo wawili watatu walicheka, wakidhani ni mzaha wa mama mtu mzima. Bahati akanigeukia.

"Samahani, mama?"

"Nimelala humu tangu utoto mpaka nilipoolewa. Kitanda kilikuwa pale uliposimama. Shangazi yangu alilala upande wa ukuta, mimi upande wa mlango. Hapo kwenye mnyororo alitundika kanga."

Bahati alitazama pale alipokuwa amesimama, akasogea taratibu, kama amekanyaga godoro la mtu.

"Hawakuniambia," alisema.

Na mimi, wakati nasema hayo, ndipo nilipojua kwa mwili mzima ulichokuwa ukikifunika kwa ile kanga. Ulijua. Ulilala umeuegemea ule ukuta maisha yako yote, ukaniweka mimi upande wa mlango ili pete iwe mbali nami. Nilitoka nje kutafuta kaburi lako.

Mparachichi haupo. Jiko lipo, limepakwa rangi. Kutoka ukuta wa jiko mpaka uzio ni kokoto tupu, zimesawazishwa kama sakafu, na kibao cha maegesho. Basi la wanachuo lilikuwa limesimama hapo, na dereva amelala kwenye kiti chake, kofia usoni. Nilizunguka basi lile. Nilichungulia chini yake. Nilitafuta jiwe moja tu la mtoni, nikakuta kokoto za mashine, zote sawa.

Nilipiga ubavu wa basi kwa kiganja. Dereva akashtuka.

"Kuna nini, mama?"

"Sogeza gari, mwanangu. Umeegesha juu ya mama yangu."

Alitazama chini, akanitazama mimi. Aliwasha, akalipeleka basi nje ya geti, barabarani kabisa.

Ni sauti ya basi iliyomtoa Zainabu ofisini. Siku hizi yeye ndiye msimamizi wa mahali pale, maana baba yake mzee hainuki kitandani. Amenenepa, amekuwa na uso wa mama yake. Aliponitambua alifungua mikono aje anikumbatie. Nilimnyooshea kidole kwenye kokoto, na mikono yake ikashuka.

"Wako wapi?" nilimuuliza.

"Tulimuuliza baba. Alisema huku nyuma hakuna makaburi ya ukoo."

"Sikukuuliza ya ukoo."

"Mafundi nao walisema ni mawe tu, hayana majina..."

"Zainabu. Siku tulipomkosha shangazi, wewe ulimimina maji, mimi nikaosha. Ulishika kata kwa mkono huo. Ulisimama kwenye mlango ule wa jiko jeneza lilipokuwa linapita. Ulijua walimlaza wapi."

Alikaa chini, palepale kwenye kokoto, na gauni lake zuri.

"Nilijua," alisema. "Niliona greda linashushwa. Nikasema kesho nitawaambia. Baba alikuwa anasema makaburi ya huku yatatutia aibu, wageni watauliza ni ya nani. Nikasema kesho. Kesho yake walikuwa wamemaliza."

Nilitaka kumchapa, Shangazi. Mkono ulinyanyuka. Lakini nilimwona kama alivyokuwa utotoni, magoti ya vumbi, nikaushusha. Sikumsamehe. Mkono tu ndio nilioushusha.

Aliinuka akasema tutafute mahali penyewe, pajengewe vizuri, kwa jina lako. Tukaanza kutafuta. Yeye alisema ulikuwa karibu na ukuta, usawa wa dirisha la jiko. Mimi nikasema hapana, mbele zaidi, kivuli cha mparachichi kilikuwa kinakufikia jioni. Lakini shina lilikuwa wapi? Yeye alisema huku, mimi kule. Tulitembea na kurudi, watu wazima wawili, tunabishana kama zamani za rede, na kokoto zinalia chini ya miguu yetu, na kila tulipokanyaga niliogopa kwamba ndipo. Mwisho tulisimama. Hakuna aliyekuwa na hakika. Hata wewe hatujui ulipo, sembuse bibi yako na wale waliomtangulia.

Zainabu akasema, "Tuchague tu mahali pamoja." Nikakataa. Sitaki kusoma Fatiha juu ya nafasi tupu, na wewe uko hatua chache pembeni unanisikia nimekosea.

Nilirudi Tunduru. Baadaye Zainabu alipiga simu. Ukoo ulikaa kikao. Magari hayataingia tena nyuma, wamekubali kuweka mnyororo wa kuzuia. Kibao cha kusema kwamba watu wamezikwa pale wamekikataa, maana mzee bado yu hai na hataki. Nilimuuliza, "Na wewe ulisemaje kikaoni?" Akakata simu.

Bahati naye alipiga. Aliomba jina lako kamili. Sasa, akifika kwenye kile chumba, anazima ile taa nyekundu na kuwaambia wageni kwamba humu aliishi Mwanaidi, mpaka juzi juzi tu, na alimlea humu mtoto wa kaka yake. Wengine humwambia aiwashe taa.

Mimi nimechoka, Shangazi. Ninashona sare, ninaamka, ninashona. Lakini nitakuja mwezi wa saba, na baridi ile. Kwa kuwa sijui umelala wapi, nitasimama kwenye ukuta wa jiko na kuuombea uwanja mzima, kuanzia jikoni mpaka kwenye uzio, kila aliye chini yake, niliyemjua na nisiyemjua. Huwezi kuwa nje ya hapo.

Mola akurehemu, na bibi yako aliye jirani.

Mimi,
mtoto wa kaka yako