Amri Iliyofika Saa Sita

Hospitali ya Jeshi, Taegu
9 Juni 1951

Mama yangu mpenzi,

Nakuinamia kwa heshima kutoka huku mbali. Je, kifua kimepoa? Mpunga umeshapandikizwa, na nani amekusaidia mwaka huu? Mguu wangu unapona, huo usikutie wasiwasi.

Najua umepata barua ya jeshi kuhusu mdogo wangu Man-ho. Ningekuandikia mapema, ila kila nikishika kalamu naiweka tena chini.

Tulikuwa tisini na wawili kwenye kile kilima, chini ya Kapteni Pyo, aliyekuwa mwalimu wa hesabu kabla ya vita. Maadui walianza kupanda asubuhi, wengi hata majani hayakuonekana. Vijana wakaanza kutazama nyuma. Kapteni akapita handaki kwa handaki akiwauliza wanaogopa nini. “Leo hata kipofu hakosi shabaha!” Wakacheka, Mama, kweli wakacheka. Tuliwarudisha chini mara tatu. Risasi ilimvunja Kapteni mkono wa kulia, akaufunga kwa mkanda na kuendelea kurusha mabomu kwa wa kushoto. Risasi zetu zilipokwisha, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuokota mawe. Magazeti yanamwita shujaa, na hayakukosea.

Barua ya jeshi inasema Man-ho alikufa akitii amri ya kutorudi nyuma. Mama, amri hiyo haikuwapo. Mimi ndiye niliyebeba simu ya upepo. Saa sita mchana makao makuu walituambia tuondoke kilimani mara moja. Kapteni akatazama mtoni nyuma yetu, ambako majeruhi na wakimbizi walikuwa bado wanavuka, wazee wamebeba wajukuu mgongoni. Akanirudishia simu, akasema taratibu, “Maeng, hukusikia kitu.” Nikajibu, “Ndiyo, afande.”

Muda si mrefu Man-ho akatambaa hadi nilipokuwa, midomo imempasuka kwa kiu. “Kaka, bado tu hawajatuambia tuondoke?”

Nikamwambia bado.

“Haya, wakisema usinisahau huku,” akanitania, akarudi mahali pake. Alipigwa risasi kabla ya saa nane. Kapteni aliuawa jioni, wakati watu wa mwisho wanamaliza kuvuka. Tulioshuka ni tisa.

Hapa wananiambia kwamba maelfu wako hai kwa ajili yetu. Huenda. Lakini mimi nilimtazama mwanao usoni nikamdanganya, naye akaniamini kwa sababu mimi ni kaka yake. Wamenipa nishani, sijui niiweke wapi. Sikuombi unisamehe. Hata ukinisamehe, sioni huo msamaha nitaupeleka wapi.

Msalimie dada Sun-rye, anayekusomea haya. Najua nimembebesha mzigo, lakini asiruke mstari wowote. Na ule, Mama, hata kama chakula hakipiti.

Ni mimi, mwanao aliyebaki,
Maeng Tae-sik