Kola za Jiji, Koti la Mji Mdogo

Duka la Ushonaji, mkabala na Posta,
S.L.P. 61.
14 Septemba

Mpendwa kaka yangu,

Salamu nyingi kutoka huku ulikokuita "mji wa kuonwa dirishani mwa basi". Hujambo? Wifi je, goti limeacha kumsumbua? Na wanangu bado wanagombania kiti cha mbele? Sisi wazima. Mama ndiye kazidi: anashuka ngazi mara nne kwa siku kuchungulia wateja wangu, akijifanya anatafuta miwani iliyo kichwani mwake.

Kaka, kaa kitini. Leo nina maringo na sitaki kuyaficha.

Najua uliumia nilipolikataa jiji. Ulinitafutia kazi kiwandani, ukapaka rangi kile chumba cha uani, ukaapa kwamba huku sitamaliza miezi mitatu kabla sijarudi nimefyata mkia. Sikukudharau. Lakini zile siku tatu za majaribio nilishona kola mia nne na sikuona shati hata moja. Nikajiuliza, nitazeeka nikiwa fundi wa kola? Baba alinifundisha kumvisha mtu mzima, kuanzia shingo hadi pindo.

Sasa sikiliza, na ucheke taratibu, maana nusura ushinde wewe.

Mteja wangu wa kwanza wa maana alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya hapa, anastaafu. Alitaka koti la kuvaa Jumamosi ya kuagwa. Bega lake la kushoto limeshuka tangu utotoni, na miaka yote amejificha ndani ya makoti makubwa. Nikampima akiwa amenielekea, nikaandika "kulia". Kulia kwangu, kaka, si kwake! Kosa lilelile ambalo Baba alitugonga vidole kwa rula tusilifanye: mtu hupimwa mgongoni, ili kulia kwako kuwe kulia kwake. Nikalijaza sponji bega lililokuwa zima.

Jumatano alipolijaribu, bega la juu likapaa, la chini likazama. Akanishukuru kwa adabu, akaniachia koti, akaenda zake. Kufika saa sita mchana mji mzima unajua. Muuza magazeti alipita mlangoni kapindisha bega makusudi. Huko kwenu ningeharibu koti na asijue mtu. Huku nilitamani ardhi ipasuke. Nililia. Nikashika simu nikuambie nakuja. Mama akaninyang'anya, akaitia kwenye kikapu cha vifungo.

Alhamisi asubuhi mwalimu akarudi mwenyewe.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimesahihisha makosa miaka thelathini na minne. Hili moja litanishinda? Kaa tusahihishe."

Tukalifumua pamoja, yeye akichomoa nyuzi na kunisimulia makosa ya wanafunzi wake wa zamani, ambao wengi ni wakubwa wa mji huu. Nikampima mgongoni. Nikakata upya kwapa, nikashona mpaka vidole vikafa ganzi.

Jumamosi alisimama kuhutubia. Mkewe, mstari wa mbele, akauliza kwa sauti, "Jamani, huyo ni nani?" Ukumbi ukaangua kicheko, kisha makofi, na yeye amesimama mabega sawasawa, anapangusa macho. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango, na sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Jumatatu nilikuta watu kumi na mmoja wananisubiri nje ya duka. Nesi mwenye nyonga moja juu, seremala aliyepungukiwa vidole anayetaka koti lisilo na vifungo, na muuza magazeti, sasa amenyooka. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Changu kilijitembeza kwanza, kikarudi kujiuza! Mji ulionicheka ndio uliolijaza duka. Kibao chenye jina langu kiko juu ya mlango. Shemeji yako amekipigilia upande, nami nimemsamehe.

Msalimie wifi, wabusu watoto, na shangazi mwambie gauni lake liko njiani. Mungu awafunike kwa heri zake.

Sasa hicho kifurushi. Kifungue ukiwa peke yako. Ndani mna koti lako. Sikukupima, wala sikuhitaji. Baba alipofariki ni wewe uliyebeba cherehani yake begani, kila asubuhi kuipeleka kibarazani na kila jioni kuirudisha, ili mimi niendelee kujifunza. Ulidhani sijui kwa nini unavaa makoti makubwa? Cherehani yenyewe ndiyo iliyolishona hili. Na safari hii sikukosea: bega lako lililoshuka ni la kulia.

Livae, uje nalo. Nataka ushuke kwenye basi katika mji huu mdogo, watu waulizane, "Huyo ni nani?" Nami niwaambie.

Akupendaye kuliko barua hii inavyoweza kusema,
mdogo wako,
Sindano