Kanda Zisizo na Chaki

Mume wangu mdogo,

Hujambo huko ugenini? Sisi tupo. Paa limeacha kuvuja, ila goti langu linaninung'unikia kama mke mwenza. Anayeniandikia ni jirani yangu fundi cherehani, kwa hiyo usiucheke mwandiko.

Dada yako anasema umezima simu tangu serikali itangaze kwamba ina mtambo unaosoma ujumbe wa kila mtu. Acha ujinga, mjukuu wangu. Nilifagia ofisi ya simu miaka ishirini. Enzi hizo pia walitangaza kwamba wanasikiliza kila simu. Wasikilizaji walikuwa wanne, na mmoja alisinzia mpaka udenda ukamtoka. Simu zilinaswa kwenye kanda, na kanda ikishasikilizwa ilipigwa alama ya chaki. Nilipangusa vumbi kwenye kanda zilizorundikwa hadi darini, na zenye chaki hazikujaza kikapu. Utasema siku hizi ni mashine. Haya, na hayo yote inayoyazoa, nani atakaa ayasome?

Babu yako aliogopa kama wewe, akaacha kumpigia mdogo wake. Mimi nilikuwa nimeapishwa kazini nisitoe siri za ofisi, nikanyamaza. Mwaka wa nne mdogo wake akafa. Babu yako ameingia kaburini hajui kwamba nilijua. Fundi ameshusha kalamu, ananitazama. Nimemwambia aandike.

Sinyamazi mara ya pili. Washa simu unipigie Jumamosi asubuhi, hata kama ni kunigombeza.

Dole gumba hapa chini ni langu,
Bibi yako