Nyanya za Mama Mkwe Nilizizuia Mimi Mwenyewe

Mpendwa mshauri, naomba uniongoze. Mimi ni mkaguzi wa dawa za mashamba katika komini yetu, yaani serikali yetu ya mtaa, hapa Kigali, mwanamke wa kwanza kupewa kazi hiyo, na tangu Januari hii ya 1992 tuna amri kwamba nyanya zilizopuliziwa dawa zisiingie sokoni kabla ya siku kumi na nne, na anayepulizia avae glavu na kufunika pua, sasa Jumanne nilikuwa mlangoni pa soko la Gitega, ikaja pikapu kutoka Gahanga, nyanya zimejaa unga mweupe, na aliyekaa mbele ni mama mkwe wangu, Gaudiose.

Nikamuuliza, "Mama, mlipulizia lini?"

"Juzi tu, mwanangu. Tupishe, jua litaziharibu."

Nyuma alikuwa Alida, kibarua wake, ngozi ya mikono imechubuka mpaka viwikoni, akaninong'oneza kwamba anatapika tangu Jumapili na glavu hajawahi kupewa. Mshauri, niliandika karatasi ya kuzizuia, nyanya zikafukiwa shimoni mbele ya watu, na wanawake wa soko, ambao siku zote walisema nawapendelea wangu, wakapiga impundu, vigelegele vyetu, kama harusini mpaka nikalia. Alida nilimpeleka zahanati, amepona. Wiki hiyohiyo wakulima sita walikuja wenyewe ofisini kuuliza glavu zinapatikana wapi! Lakini mume wangu Cassien hagusi chakula changu, anasema nimemvua mama yake nguo hadharani, anataka Jumapili nikampigie magoti na niifute ile karatasi, na mimi yule mama nampenda, ndiye aliyenilelea mtoto nilipokuwa masomoni. Nifanye nini?

Spès, Rebero

*Mama Béatha anajibu:*

Spès mdogo wangu, karatasi hiyo usiiguse! Ulisimama imara mbele ya mtu ambaye ilikuwa rahisi kuliko wote kumpisha, na sasa soko zima linajua kwamba amri ni ya kila mtu. Nami nanunua nyanya, nina wajukuu. Asante.

Lakini wewe nawe! Amri unayo tangu Januari, hukupata hata siku moja ya kwenda kumweleza mkweo? Ulimwacha aisikie mlangoni, mbele ya umati. Hapo ulikosea, na ni hapo tu. Cassien naye mwambie hivi: mama yako hakuvuliwa nguo, Alida ndiye aliyetoka ngozi.

Jumapili nenda. Omba radhi kwa kuchelewa kumweleza, kwa jingine lolote usiombe. Mpelekee glavu na kitambaa cha pua, mfundishe kupima dawa kwenye pompi ya kupulizia, na kabla hujaondoka Alida naye awe na glavu zake. Akikufukuza, viache mlangoni, urudi Jumapili inayofuata. Hasira ya mama aliyekulelea mtoto haidumu.

Jumatatu rudi kazini, kichwa juu.