Mbolea Nyeupe Rafuni kwa Bibi

Soligorsk, 2 Septemba 1974

Kwa Bibi Yadviga,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila usingizi sina. Nimepewa kazi yangu ya kwanza kubwa: nishauri kiwanda kipya kitengenezeje mbolea ya potashi kutokana na mawe mekundu ya mgodini. Njia ni mbili. Ya kwanza, unayasaga, unayatia kwenye maji ya chumvi yenye dawa, unapuliza hewa. Potashi inapanda na povu, unaliengua. Ni rahisi, lakini mbolea inatoka nyekundu. Ya pili, unachemsha, unapoza, inaganda nyeupe kama theluji, ila inakula moto mwingi. Nikikosea, kiwanda kizima kitajengwa juu ya kosa langu.

Mjukuu wako, Stasia

Zabolotie, 11 Septemba

Stasia,

Mgongo ni wangu, uache. Huku tunavuna viazi na wewe huonekani. Umesoma miaka yote ile kisha unakosa usingizi kwa jambo dogo hivi? Chemsha! Kitu kisichopita motoni si safi. Povu la jamu tunawapa watoto walambe, wewe unataka kuwapa wakulima? Hiyo nyekundu tuliletewa hapa shamba la ushirika, jirani yangu Tekla akasema ni matofali yaliyosagwa. Usiniaibishe. Na ule! Kwenye picha uliyotuma una shingo ya korongo.

Bibi yako

Soligorsk, 20 Septemba

Bibi, shikamoo. Shingo haijambo. Umenishinda, nimeshaanza ripoti ya kuchemsha. Dereva wa ushirika atakuletea kopo la mbolea nyeupe ya maabara, utie kwenye vitunguu saumu. Kamati ya kuamua njia inakaa mwisho wa Oktoba.

Mjukuu wako

Zabolotie, 14 Oktoba

Stasia,

Leo sikusalimii. Kopo lilifika, linang'aa, nikaliweka rafuni jikoni pembeni ya chumvi. Lingekaa bandani nani angeliona? Jumamosi wanawake wakaja kukata kabichi ya kuchachusha, kila mtu na kisu chake na umbeya wake. Chumvi ikatuishia. Tekla akanyoosha mkono rafuni: "Yadviga, kumbe una chumvi ya mjini na unatuficha!" Akamimina yote kwenye pipa, akaponda, akaonja. Uso ukamkunjika kama soksi mbichi. "Mama wee, chungu! Umetuwekea nini, mchawi wewe?"

Pipa zima tumelimwaga. Baridi yote hii nitakula kabichi ya kuomba kwa Tekla, na Tekla hatoi kitu bila kukitangaza. Kosa ni lako. Nani anatengeneza mbolea inayofanana na chumvi?

Bibi yako asiye na kabichi

Soligorsk, 30 Oktoba

Bibi yangu,

Shikamoo, na pole sana. Nilisoma nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Magunia haya yatakwenda kila kijiji, yatalala stoo moja na chumvi ya watu. Nikaichana ripoti, nikaandika nyingine: njia ya povu.

Mwenyekiti akaniuliza, "Ndugu mhandisi, kwa nini nyekundu?" Nikasema inakula moto kidogo, mazao hayajali rangi, na hakuna mwanamke atakayeitia kwenye kabichi. Wakacheka wote isipokuwa mzee mmoja. "Kwangu nyeupe ilitiwa kwenye supu," akasema. Wakapitisha.

Umekasirika?

Mjukuu wako, Stasia

Zabolotie, 9 Novemba

Stasia,

Nimekasirika. Umemwacha bibi yako ukafuata povu. Tekla kaja na bakuli la kabichi, kasikia umechagua nyekundu, akaanza, "Si nilisema ni matofali..." Hakumaliza. Nilimfukuza, bakuli nikabaki nalo.

Halafu nikajifunga kitambaa changu cha sikukuu nikaenda dukani siku ya kuletwa mkate, watu wamejaa hadi mlangoni. Nikawaambia: hiyo mbolea nyekundu itakayokuja, aliyeichagua ni Stasia wangu. Mwenye la kusema aniambie mimi hapa hapa.

Kisha nikanunua mkate wangu, nikarudi nyumbani.

Bibi yako