Ubani Usubiri Kwanza

Zainabu wangu, mwenye pua,

Usinikasirikie huko uliko. Nani mwingine ana ruhusa ya kukutania? Tangu usichana wetu kambini kule Tanzania ulikuwa ukinusa maharage yakiungua nyumba ya tatu, na mara nyingi yalikuwa yangu.

Binti yako Mariamu amejifungua. Mtoto wa kike, kachukua masikio ya babake, maskini. Kwa kuwa wewe haupo tena, nilitoka Gitega nikaja Muyinga kumlea badala yako. Mimi, ambaye hata uji hunishinda!

Nilimkuta ndani ya mablanketi, anatetemeka, chumba kimejaa moshi wa ubani. Mama mkwe wake, mtu mwema kabisa, akanituliza: "Usiogope, Mama Eliya. Iko maziwa tu inashuka."

Nilitaka kukubali. Ubani ulinukia vizuri, na nilikuwa na njaa. Ndipo nikakukumbuka ukiingia kwa mzazi, hata salamu huna: "Toeni chetezo! Ubani usubiri, kwanza ninuse." Tulivyokuwa tunakucheka, Zainabu. Mimi wa kwanza.

Nikatoa chetezo, nikafungua dirisha.

"Mais, lakini Mama Eliya, we unafukuza baraka?" mama mkwe akauliza.

"Zitarudi, mama. Njia zinaijua."

Moshi ulipoisha nikainua blanketi. Si harufu ya damu ya uzazi tunayoijua. Ni ya kitu kinachooza. Mwili unawaka. Nilipomgusa chini ya kitovu akapiga kelele. Akaniambia chupa ya maji ilipasuka mapema mno, mtoto akachelewa kuja.

Watu wa nyumbani wakasema mzazi hatoki kabla ya siku yake. Nikasema hatoki, tunambeba. Nilibeba mtoto, miguu yangu unaijua, wote walinitangulia.

Hospitali wakasema kizazi kimepata maambukizi, afadhali tumefika. Wakamtundikia dawa ya mshipa, mtoto naye wakampima. Nilikaa kwenye benchi nikiongea na wewe kimoyomoyo. Sikutania hata kidogo.

Homa imeshuka. Leo Mariamu ameomba ndizi, nikampikia, akasema zimeungua. Nikalia kwa furaha, akadhani nimeudhika.

Mama mkwe sasa anawaambia wageni wote: "Ubani isubiri, kwanza tunuse!" Anasema kama neno ni lake. Mwache tu.

Pumzika, rafiki yangu. Siku ya kumtoa mtoto nje nitawasha ubani mwingi, ukufikie. Na kila nyumba ya mzazi nitakayoingia, nitaanza na dirisha. Wacha na mimi wanicheke.

Wako,
Mama Eliya